Dawa Iliyongoja Utepe

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nalisema mapema ili mtu asinitafute kwingine. Cherehani yangu iko barazani, hapa Nguba, mtaa wa mji wa Bukavu, na safari ninayoipenda kuliko zote ni ile ya kutoka barazani kwenda jikoni. Nina diploma ya sekondari, ambayo mama yangu aliitia fremu na mende wakaila pembeni, na tangu siku hiyo sijaiongezea kitu. Aliyeongeza ni mke wangu. Aliongeza na kuongeza mpaka akawa profesa wa mikrobiolojia, elimu ya vijidudu visivyoonekana kwa macho, na ndani ya elimu hiyo akachagua vile vinavyoharisha watu. Mtaani wananiita Bwana wa Prof. Wenye ulimi wananiita Maman Prof wa Pili. Nimezoea. Mwanamume anayepokea wageni akiwa na aproni kiunoni hawezi kudai jina la kutisha.

Kiswahili hiki ninachoandika ni cha nyumbani kwa baba, Uvira, ambako wazee wetu wa biashara ya vitambaa walijivunia kwamba babu zao walitoka pwani. Barabarani nasema cha Bukavu kama kila mtu. Sisi ni Waislamu. Mke wangu ni Mkatoliki, binti wa wakulima wa Kabare. Ndoa yetu iliziudhi familia zote mbili kwa haki sawa. Kwa baba nilikuwa nimepotea. Kwa baba yake, yeye ndiye aliyepotea. Na sisi wawili tuliopotea tukakutana hapa, tukazaa, tukatulia. Nyumbani namwita Prof. Nilianza kumwita hivyo kwa utani alipokuwa bado anaosha vyombo vya kioo vya profesa mwingine, na siku alipopewa cheo chenyewe nilikosa utani mwingine.

Miaka ya kuosha vyombo ilikuwa mirefu. Asistenti, kwa ninavyoelewa, ni mtu anayefanya kazi ya profesa kwa jina la profesa. Yeye ndiye aliyefundisha, yeye ndiye aliyesahihisha mitihani, na maabara ilikuwa na darubini moja ambayo wanafunzi waliipangia foleni, kila mmoja akiinama sekunde mbili na kupita, kama watu wanaomuaga marehemu. Kisha akapata nafasi ya kwenda Ulaya kwa udaktari. Mimi nikabaki na watoto na cherehani. Kwa simu aliniambia kwamba huko kuna chumba kizima cha mafriji ambayo hakuna mtu anayekwenda kuangalia kama yanawaka.

"Yanawaka tu," alisema, na sauti yake ikawa ya mtu aliyeona wenzake wanakula.

Walimwomba abaki. Alirudi. Mjomba wake alikuja kutusalimu na kumuuliza mbele ya watu wote: "Sasa weye, mutu anaenda Ulaya kusoma mavi, halafu anarudia tena mavi ya hapa?"

"Tonton," Prof akamjibu, "ya kule haina kazi mingi."

Hiyo ndiyo kazi yake, kwa kweli, na sijui namna ya kuipamba. Kila mvua zikianza na mabomba ya mji yakianza kutoa tope au kutotoa kitu, Prof huzunguka kwenye vituo vya afya, Cimpunda, Bagira, popote, akichukua kinyesi cha wagonjwa kwa vijiti vya pamba. Nyumbani mwetu mazungumzo hayo hufanyika mezani, sahani zikiwa zimejaa. Watoto wamekua wakijua rangi za choo kama watoto wengine wanavyojua rangi za timu za mpira. Wageni hunawishwa mikono mpaka wanajiona washukiwa. Na kwenye harusi mke wangu hukaa mbele ya kachumbari bila kuigusa, akitabasamu, na watu husema profesa anaringa. Haringi. Anafikiria maji waliyooshea nyanya.

Amenieleza kipimo cha kolera mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kukifanya mwenyewe, kama ningekubali kutoka nyumbani. Unapaka kile kijiti kwenye sahani yenye utelezi wa kijani, unaiweka kwenye joto mpaka kesho yake. Kama ni kolera, asubuhi unakuta vidoa vya njano, mviringo, vinang'aa. Lakini njano peke yake haitoshi, kwa sababu vijidudu vingine navyo hujivika njano. Kwa hiyo unachukua kidoa kimoja na kukikoroga katika tone la dawa ya kupimia. Kikiganda vipunje vipunje kama maziwa yaliyoharibika, umemkamata mwenyewe. Dawa hiyo inakaa katika vichupa vidogo na haitaki joto. Ikipata joto jingi inakufa, na ubaya wake ni kwamba haionyeshi. Chupa inabaki safi vilevile.

Wageni wenye masanduku ya kung'aa wamekuja mara nyingi kufanya utafiti naye. Anawapeleka vituoni, anawatafsiria, anawaombea ruhusa, wanaondoka na sampuli. Baada ya mwaka makala inatoka na jina lake liko mwishoni, kwenye shukrani, pamoja na dereva. Nilimwambia dereva angalau alipewa kofia. Alicheka, lakini siku hiyo alikata vitunguu kwa nguvu isiyo ya lazima.

Haya yote niliyamezea. Mtu wa nyumbani humeza mengi. Kitu nilichoshindwa kukimeza kilitokea miaka michache iliyopita, kabla mji haujaingia mikononi mwa waasi, na mpaka leo kikinijia nikiwa naendesha cherehani, mshono unakwenda upande.

Mwaka ule maabara ya Prof ilikuwa imekauka. Unga wa ule utelezi wa kijani ulikuwa umekwisha, na dawa ya kupimia nayo. Aliandika maombi, akangoja, akaandika tena, na hatimaye wafadhili wakatuma mzigo: makopo ya unga, boksi la dawa ya kupimia lililofungwa ndani ya sanduku la povu na barafu, na friji ndogo ya maabara. Mzigo ulipita mpakani kwa barabara na kufika chuoni salama. Prof aliuona kwa macho yake, akaweka saini kwamba umefika, akarudi nyumbani akicheza kuanzia getini. Nilidhani amelewa, na yeye hanywi.

Kesho yake alirudi akitembea kawaida. Mzigo ulikuwa umefungiwa katika chumba nyuma ya ukumbi wa mikutano, na haukuwa na ruhusa ya kufunguliwa kabla ya remise officielle, yaani makabidhiano rasmi.

Kwa msomaji asiyetufahamu, ngoja nieleze, maana hii ni desturi yetu na tunaijua vizuri kuliko sala. Kwetu kitu kilichotolewa bado hakijatolewa mpaka mkubwa akitoe. Hata kama kimefika, hata kama kiko pale mnakiona, kinangoja meza, kitambaa cha meza, banderole yenye maandishi makubwa, utepe, makasi juu ya sinia, hotuba, kamera na vinywaji. Nimeona madawati yamepangwa uani kwa shule huku wanafunzi wamekaa chini, darasani, wakiyatazama kupitia dirishani. Nimeona ambulansi yenye nailoni kwenye viti, imeegeshwa, na mama mwenye uchungu wa kuzaa akiipita juu ya pikipiki. Hakuna anayeona ajabu. Kukitumia kitu kabla ya siku yake ni kumvua mkubwa nguo.

Unga ungeweza kungoja, Prof alisema. Friji nayo ni chuma. Lakini dawa ya kupimia? Aliomba ihamishiwe kwenye friji ya utawala. Jibu likawa kwamba friji ya utawala ilikuwa imejaa vinywaji vya sherehe, na zaidi ya hayo vitu vyote vilipaswa kukaa pamoja, isije ikasemekana kuna kilichopungua. Baada ya kubishana sana alikubaliwa jambo moja: kubadilisha barafu ndani ya sanduku kila asubuhi, mlinzi akiwa shahidi.

Basi nikaingia katika sayansi. Jokofu letu la nyumbani, lenye nyama na sambaza, dagaa wa ziwa letu, ndilo lililogandisha ile barafu, na mimi ndiye niliyejaza vifuko maji, nikavipanga, nikavilinda dhidi ya watoto na dhidi ya kukatika kwa umeme. Kila asubuhi Prof aliondoka na glasieri yetu ya pikiniki, lile sanduku la kutunza baridi, mkononi. Majirani waliuliza kama siku hizi profesa anauza juisi chuoni. Mimi niliwajibu kwamba ndiyo, ya nanasi.

Ndipo mganga mkuu wa kituo cha afya cha Kasha, mtaa wa mlimani pembeni mwa mji, alipopiga simu. Watu walikuwa wanaletwa kwake wakiharisha maji kama yale ya kuoshea mchele, macho yameingia ndani, ngozi ukiifinya inabaki imesimama. Prof alikwenda, akachukua sampuli kwa vijiti vyake, akavitia katika vichupa vyenye utelezi unaovihifadhi, akarudi. Hakuhitaji sahani ya kijani kujua alichokiona. Lakini macho ya profesa hayasainiwi na mtu. Bila kipimo, huko juu kwenye karatasi, wale walikuwa wagonjwa wa kuhara tu. Kwa kuhara hakuna anayeleta kitu. Kwa kolera wanaleta mahema, vitanda vyenye tundu, maji ya mshipa bure, na watu wa kutia klorini kwenye madumu pale watu wanapoteka. Tofauti ya hayo mawili ilikuwa tone moja, na tone lile lilikuwa limefungiwa chumbani likingoja utepe. Prof alituma sampuli nyingine Kinshasa, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa, lakini majibu ya Kinshasa husafiri kwa mwendo wa bibi harusi.

Wiki hiyo muuza sambaza wetu hakupita. Alikuwa mama wa Kasha, wa umri wangu, aliyekuja Nguba karibu kila asubuhi na beseni kichwani, na kati yetu kulikuwa na vita vya utani visivyokwisha. Yeye aliniuliza kama leo nimeshafua nguo za bibi yangu. Mimi nilimuuliza kama samaki wake walikufa kwa uzee. Nilipomwona mwenzake anapita peke yake nikamtania kwamba amemla mwenziwe. Hakucheka. Alisema yule mama na mume wake wote wawili wako kituoni, wamelala godoro moja, vichwa huku na huku, na ndugu zao wananunua maji ya mshipa chupa moja moja, wakipata.

Nilimweleza Prof. Alivaa viatu akaenda kwa dekano, mkuu wa kitivo chake. Aliponisimulia baadaye alikuwa bado ameshika mkoba, hakuuweka chini mpaka alipomaliza. Alikuwa amemwomba dekano chupa moja tu ya dawa na kopo moja la unga. Vingine vyote vibaki, vikatiwe utepe hata mara tano. Dekano, ambaye si mtu mbaya, ambaye watoto wake nimewashonea sare, alimsikiliza mpaka mwisho kisha akamuuliza kwa upole:

"Maman Prof, uliona wapi batu banakata gâteau mbele bibi-arusi hayaingia?"

Yaani keki haikatwi kabla bibi harusi hajaingia. Akamwambia pia kwamba mtu akigusa, itaitwa wizi, na yeye dekano hataweza kumtetea. Wavumilie. Mheshimiwa wa serikali atakayekata utepe anarudi Ijumaa.

Ijumaa mheshimiwa hakurudi. Alikuwa Kinshasa. Kisha akarudi, lakini alikuwa amechoka. Kisha akawa hajachoka, ila banderole haikuwa tayari. Simtaji, kwa sababu tangu hapo wamepita wengine na kila mmoja angefanya vilevile. Hata hivyo ninyi mlioko huko juu nawauliza: mnachokaje? Mnabeba nini? Prof alipanda Kasha kila alasiri na kuteremka na matope mpaka magotini, na bado asubuhi alikuwa na nguvu ya kubeba barafu. Na ile barafu, nilikuwa nikiitazama ikiganda huku nikijua kwamba tunaiweka dawa hai ili isitumike. Sijui kazi nyingine ya kipumbavu kama hiyo. Nimeshona kanzu za watu wanene kwa vipimo vya ujana wao, lakini hiyo haikuifikia.

Katikati ya hayo kamati ya sherehe ikaniletea oda. Kitambaa cha meza, kirefu, cha buluu, chenye marinda. Na utepe wa rangi za bendera. Wao hawakuona ubaya. Mimi ni fundi, ninaishi karibu, na mke wangu ni wa nyumba ile ile ya chuo. Nilipokea kitambaa kwa adabu, na walipoondoka nikatangaza mgomo. Nilijiambia: bila utepe hawakati, na wasipokata watajua kuna mwanamume Nguba. Walipokuja kuchukua niliwaambia sijashona na sitashona mpaka dawa itolewe. Yule kijana wa itifaki alinitazama kama mtu anayetazama kuku aliyeanza kuongea, akakunja kitambaa chake, akaenda soko la Kadutu. Jioni ile ile walikuwa na kitambaa na utepe. Prof aliuona, akaniambia ulikuwa mzuri kuliko ambao ningeshona mimi.

Jumanne mume wa muuza sambaza akazikwa. Sherehe ilikuwa Alhamisi.

Alhamisi nikatoka nyumbani. Nilivaa koti la harusi yangu, ambalo nililipanua mwenyewe mara mbili, na nikakaa mstari wa nyuma kabisa, nimeweka glasieri kati ya miguu. Prof ndiye aliyesema niibebe, ikiwa na barafu mpya, na hakuniambia ni ya nini. Wageni tulikuwa chini ya hema. Tuliitwa kwa asubuhi; mheshimiwa alifika karibu na saa sita, jua limesimama wima. Meza ilikuwa nje ya hema, kwa sababu mpiga kamera alitaka mwanga.

Hapo ndipo walipoutoa mzigo. Friji iliwekwa katikati ya meza imefungwa ua la utepe. Makopo ya unga yakapangwa kuume na kushoto. Kisha yule yule kijana wa itifaki akafungua sanduku la povu, akatoa vichupa kimoja kimoja, akavipanga mbele kwenye kitambaa cha buluu, vimenyooka vizuri, ili vionekane. Barafu yangu akaiacha ndani ya sanduku, akaisukuma chini ya meza, kivulini.

Prof alikuwa mstari wa tatu. Nilimwona anainuka, kijana akamwashiria kwa kiganja, akae, akae. Alikaa. Wimbo wa taifa ukaimbwa. Akazungumza mmoja, akamshukuru mheshimiwa kwa zawadi yake. Akazungumza wa pili, akamshukuru mheshimiwa kwa maono yake. Jina la aliyeandika maombi ya mzigo ule halikuwamo katika programu hata mwishoni, pamoja na dereva. Kisha mheshimiwa mwenyewe akasimama na makaratasi, akaanza na vita dhidi ya magonjwa ya kuambukiza, akataja Kasha, akasema serikali inalia pamoja na Kasha. Nilivitazama vichupa. Vilikuwa vinameta.

Mke wangu si mtu wa fujo. Akitaka kupita mbele ya watu husema pardon kwa kila goti. Siku ile alipita bila pardon. Alikuja nyuma mpaka nilipo, akachukua glasieri kutoka miguuni mwangu, akarudi mbele, na kwa kuwa utepe ulikuwa umevutwa mbele ya meza bado haujakatwa, akainama akapita chini yake. Profesa mzima, na kilemba chake, kama mtoto anayepita chini ya kamba ya nguo. Akaanza kuokota vichupa na kuvitia barafuni. Mheshimiwa akanyamaza. Prof alichukua kopo moja la unga pia, akalikumbatia, kisha akageuka kwenye kipaza sauti kilichokuwa karibu naye.

"Mheshimiwa, munisamehe," alisema. "Hii dawa inakufa ku jua, na batu banakufa Kasha. Muendelee tu na discours. Mi naenda kufanya kazi."

Akapita tena chini ya utepe, akaelekea maabara.

Kungekuwa kimya kirefu, lakini mheshimiwa alikuwa mwanasiasa kweli kweli, si wa kujifunza. Alicheka, akapiga makofi, akasema, "Munaona? Nimekuya tu, kazi imeanza." Basi watu wote wakapiga makofi. Uasi wa pekee wa maisha ya mke wangu ukageuzwa kuwa sehemu ya programu, baada ya hotuba ya tatu na kabla ya vinywaji. Kamera ilimpiga picha wakati ameinama.

Mimi sikungoja juisi. Nilimfuata, nikakaa nje ya mlango wa maabara, kwa kuwa ndani siruhusiwi na wala sitaki. Ndani alikuwa na kijidudu chake cha zamani, anachokijua, anachokihifadhi kwa ajili ya kupima dawa yenyewe kama bado iko hai. Kama kisingeganda, basi barafu yote, na kuinama kote, vilikuwa bure. Nilikaa nimeshika mfuniko wa glasieri. Alitoka na barakoa imeshuka shingoni.

"Inaganda," alisema. "Pole pole, lakini inaganda."

Nilitaka kumkumbatia akanizuia kwa kiwiko. Mikono haikuwa imeoshwa.

Akapika unga wake wa kijani, akapaka vijiti vya Kasha, akaziweka sahani kwenye joto. Kesho yake asubuhi vidoa vilikuwa vya njano, na katika tone vikaganda. Aliwapigia wanaopaswa kupigiwa, na sasa wakamsikia. Mahema yalifika Kasha kabla ya mwisho wa juma, na vitanda, na watu wa klorini wakasimama pale watu wanapoteka maji. Wagonjwa wakaendelea kuja kwa muda, lakini wakawa wanaondoka kwa miguu yao. Ilikuwa rahisi hivyo. Hilo ndilo linalonikera zaidi, kwamba ilikuwa rahisi hivyo.

Wiki iliyofuata Prof akaletewa demande d'explication. Aeleze kwa maandishi kwa nini alivuruga itifaki mbele ya mamlaka. Wenzake walimshauri aandike kurasa mbili za kujishusha. Hata mimi, mwoga wa nyumbani, nilimwambia aandike walau moja. Aliandika mstari mmoja kwamba dawa ilikuwa juani. Wakampa maabara mtu mwingine aisimamie. Leo Prof anafundisha mwaka wa kwanza, anaomba ruhusa ya kuingia chumba alichokijenga, na mvua zikianza bado anapanda Kasha na vijiti vyake. Ile friji ndogo iliwashwa baada ya miezi kadhaa. Watu wananiuliza kwa nini hakubali yale maombi ya Ulaya yanayokuja kila mwaka. Nami nimemuuliza. Ananijibu kwamba kule friji zinawaka tu, hazimhitaji.

Muuza sambaza alirudi kama mwezi baadaye, amevaa nguo za msiba, shingo imekonda, beseni bado kichwani. Nilitoka barazani kumpokea. Hatukutaniana. Tulizungumza habari za mume wake, kwamba alikuwa fundi wa mitumbwi, kwamba saa za mwisho alikuwa anaomba maji na akiyapata hayakai. Kisha akaniuliza swali, akiwa anapanga samaki, bila kuniangalia.

"Papa, pale kituo banasema dawa ya kupima ilikuwa hapa Bukavu siku zote. Ni kweli?"

Nilimwambia ni kweli.

"Sasa ilikuwa inangoja nini?"

Nimesoma mpaka sekondari tu, lakini maneno sijawahi kuyakosa, hata wauza samaki wanaopita barazani wanajua. Nilitafuta namna ya kulisema lisisikike kama lilivyo. Sikuiona.

"Ilikuwa inangoja mheshimiwa akuye kukata utepe," nikamwambia.

Akacheka. Alicheka kwa sababu ya mazoea yetu, kwa sababu kila asubuhi kwa miaka nilimwambia upuuzi akiwa amechuchumaa pale pale, na akasema, "Weye Papa, hata ku kilio unataniaka." Halafu akainua macho, akaniona sicheki. Mkono wake ukasimama juu ya samaki. Kisha akawafunika, akajitwika beseni, akatoka getini bila kuniuzia kitu, nami sikumwita.